Nesi wa Kwenye Tivii ya Mama

Mama yangu alikaribia kufa kwa sababu ya tamthilia. Nikisema hivyo watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke kwanza, maana siku hizi hata mimi naweza kucheka kidogo. Lakini Julai ile, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza na mama amelala kitandani hospitalini anavuta pumzi kama mtu aliyepandisha mlima na gunia kichwani, hakukuwa na cha kuchekesha. Alikuwa na homa ya mapafu. Dawa ilikuwepo, wauguzi walikuwepo, na mimi mwenyewe, binti yake, ni muuguzi katika hospitali ileile. Kilichokosekana ni dawa kuingia mwilini, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kwa nini haiingii.

Tivii niliinunua mimi. Mama anaishi Kasense, analima mahindi, maharage na ulezi kidogo, na baba alipofariki nyumba ikawa kimya mno. Mimi naishi Chanji. Si mbali, lakini zamu za hospitali hazijali kama kwenu ni mbali au karibu. Unaweza kukaa wiki nzima hujamwona mama yako ambaye ungeweza kumfuata kwa miguu. Kwa hiyo nikamfungia tivii na king'amuzi, nikasema angalau atasikia sauti za watu ndani. Akapata zaidi ya sauti. Akapata ukoo mzima wa watu wenye majumba, magari na matatizo, ambao kila jioni walimtembelea bila kukosa, tofauti na binti yake.

Majirani wakaanza kuja. Aliyekuwa haachi hata siku moja ni mama mmoja wa nyumba ya pili, mjane kama mama, aliyeolewa naye kijiji kimoja na kulea naye watoto. Huyo alikuja na kazi yake: leo anapukuchua mahindi, kesho anachambua maharage kwenye ungo. Jicho moja kwenye ungo, jingine kwenye tivii, na mdomo haukufungwa. Tamthilia waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nchi ya mbali, imetiwa sauti za Kiswahili, ndani yake mna bibi tajiri mgonjwa na nesi anayemtilia sumu kwenye dripu. Mimi niliiona vipande vipande tu, siku nilizopita kusalimia. Sikujua ilianzaje wala nani ni nani. Nilichokiona ni nesi, na nesi akionekana kwenye tivii mimi huwa nakereka mapema.

Niseme ukweli wangu hapa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kuona tamthilia iliyonionyesha mimi. Zile za kwetu zina nesi wa aina moja: amekaa mezani, anachezea simu, anatafuna bablishi, mgonjwa akija anaambiwa kaa hapo usubiri. Halafu anaingia daktari, na daktari ndiye hufanya kila kitu. Anasukuma kitanda mwenyewe, anatundika dripu mwenyewe, anafuta jasho la mgonjwa, hata habari njema anatoka kuwapa ndugu yeye. Nimefanya kazi na madaktari wazuri, wengine nawapenda kama ndugu zangu, lakini sijamwona anayesukuma kitanda hivyo. Zile za nje ndiyo balaa zaidi. Huko nesi amevaa kigauni kilichombana, viatu vya kisigino kirefu, na kazi yake ni kupenda mume wa mtu, kubadilisha watoto wachanga au kuua. Hakuna anayemwaga mkojo wa mgonjwa. Hakuna anayevimba miguu. Mgonjwa akifa, daktari anakwenda dirishani analia na muziki unapigwa. Sisi tunaobaki kumfumba marehemu macho na kumwosha hatuonyeshwi. Siku moja nilimwambia mama haya yote kwa kirefu. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema nikae pembeni kidogo, namzibia tivii.

Wanawake wa Kasense walikuwa na namna yao ya kuitazama tamthilia ile, na mimi niliiona kama kichekesho tu. Walihukumu watu kwa salamu. Kwetu Ufipa salamu si neno la kutupa ukiwa unapita. Mtoto akimsalimia mzazi, hasa binti, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, viganja vimejikunja, na anasubiri aitikiwe, ndipo waulizane habari moja baada ya nyingine: za usiku, za watoto, za shamba. Hata ukiwa na haraka ya moto, utachuchumaa kwanza. Sasa wale watu wa kwenye tivii, masikini, kwao hakuna kuchuchumaa, lakini waliowatilia sauti za Kiswahili waliwawekea shikamoo hapa na pale, na wazee wa Kasense wakaona basi wameelewa mambo. Aliyetoa shikamoo alikuwa mtu mwema. Aliyeingia bila kutoa walimnyooshea kidole papo hapo. Yule nesi, jirani aliniambia siku moja huku akipepeta maharage, walikuwa wamemjua zamani, kabla hata hajashika sindano.

"Alikuwa anamsalimia yule bibi vizuri tu," alisema. "Halafu akaacha. Anaingia anasimama, anauliza unaendeleaje. Mtu akiacha kukusalimia ana lake jambo."

Nikacheka. Mama hakucheka. Nilikuwa nimetoka kazini siku hiyo, nimejifunga kitenge juu ya gauni langu jeupe kama ninavyofanya nikienda kwake, na nilikuwa nimeshachuchumaa na kusalimia kama nilivyolelewa. Nikaongea nao kidogo kuhusu mambo mengine. Nilimwambia mama, si kwa mara ya kwanza, kwamba umri umekwenda, shamba linamchosha, ahamie kwangu Chanji na nyumba ile tuipangishe. Akasema atafikiria. Jirani akaangalia ungo wake. Sikuona chochote cha ajabu katika hayo.

Kikohozi kilimwanza wakati wa kupukuchua mahindi. Julai kule kwetu upepo unatoka asubuhi na kurudi jioni, na vumbi la mahindi makavu linaingia kifuani. Alijitibu kwa chai ya tangawizi na kwa kunificha. Nilipofika nikamkuta amejikunja karibu na jiko la mkaa, midomo imekuwa na rangi nisiyoipenda, anajibu salamu kwa maneno mafupi mafupi ili abakize pumzi. Sikumuuliza kama anataka kwenda hospitali. Nilitafuta gari, tukamfunga blanketi mbili, jirani akapanda naye, na kabla ya mchana alikuwa amelazwa wodi ya wanawake. Daktari alipotazama picha ya kifua akasema pafu moja limeshikwa vibaya, lakini dawa ya dripu, asubuhi na jioni, itamtoa. Nikapumua. Mimi niko wodi ya wazazi, jengo la pili. Utaratibu wetu ni kwamba mtu hamhudumii ndugu yake, na ni utaratibu mzuri, maana mkono unaompenda mgonjwa hutetemeka. Jirani akajitolea kubaki kama muuguzaji wake. Nikaona mama yuko mikononi salama.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, homa iko palepale. Wenzangu wa wodi ile walisema dripu inasumbua. Wakija, inatembea. Wakiondoka na kurudi, imesimama. Walidhani mshipa umegoma, wakamhamishia sindano mkono wa pili, halafu wakaurudia wa kwanza. Mikono ya mama ikajaa alama za bluu. Mimi nilikuwa nachungulia kila nilipopata nafasi, nasimama mlangoni kidogo, nawauliza wenzangu, nakimbia. Niliwaza mengi. Niliwaza sana juu ya muuguzi mmoja kijana wa wodi ile.

Alikuwa msichana wa Kisukuma, familia yake ni ya wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Ana kope za bandia zilizokunjika kama ufagio na midomo imepakwa rangi. Mzuri, mwepesi, na kwa macho yangu alifanana mno na yule wa kwenye tivii. Nikajua nimepata jibu. Mama anamwogopa huyu, nikasema moyoni, anakunja mkono akimwona, dripu inasimama. Nikajiona mwerevu sana. Nikaenda kwa sista msimamizi wa wodi nikamwomba aniruhusu, kwa siku chache tu, dawa za mama nimpe mimi mwenyewe. Alisita. Nikamwambia mzee ana hofu, akiona uso wa mtoto wake atatulia. Damu ni nzito kuliko maji. Sista akasema sawa, lakini niwe makini.

Jioni hiyo nilitoka wodi ya wazazi moja kwa moja. Siku ilikuwa nzito. Tulikuwa tumepokea mama aliyeletwa kutoka Wampembe, njia yote ile ya kupanda kutoka ziwani na mtoto amekaa vibaya, na nilikuwa bado na harufu ya dawa ya kuoshea mikono. Nikachukua trei, nikachanganya dawa, nikaingia. Nikasimama kando ya kitanda.

"Mama, unaendeleaje?" nikamwambia. "Nipe mkono."

Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akamwita jirani asogee. Nilidhani anataka maji. Nikatundika dripu, nikaona matone yanashuka vizuri, nikamfunika, nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya hapo hali ikawa mbaya zaidi. Asubuhi nilimkuta ametundikwa oksijeni. Dripu yangu ilikuwa imesimama, chupa karibu imejaa. Nikatundika nyingine. Jioni ikawa vilevile. Daktari akaniita pembeni akaniambia, kwa sauti ile tunayoitumia kwa ndugu wa wagonjwa na ambayo sikuwahi kuambiwa mimi, kwamba ikifika kesho bila mabadiliko itabidi tuzungumze kuhusu rufaa ya Mbeya, na kwamba safari yenyewe, kwa pumzi ile, hawezi kuniahidi kitu. Nilirudi wodini nikashika chuma cha kitanda. Nilikuwa na woga ambao sijawahi kuwa nao. Nimeona watu wengi wakifa, lakini mama yangu alikuwa hajawahi kuwa mmoja wao.

Jirani alikuwa ameenda kufuata uji. Mama amefumba macho. Blanketi lilikuwa limevutwa vibaya, nikainama kulinyoosha, na chini yake, karibu na ubavu wa mama, mkono wangu ukagusa kitu kigumu. Nikafunua. Mrija wa dripu ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi uliochanwa kwenye pindo la kitenge. Fundo nililijua. Ndilo tunalofungia midomo ya viroba vya ulezi ili wadudu wasiingie, linakaza kabisa na bado unalifungua kwa kuvuta ncha moja.

Nikavuta ncha. Dawa ikaanza kushuka. Nilipoinua uso, mama alikuwa amefumbua macho ananitazama. Aliutoa mkono taratibu akauweka kifuani, mbali na mimi.

Jirani alirudi na chupa ya uji, nikamshika mkono nikamtoa nje kwenye veranda. Nilikasirika, na sitajifanya sikukasirika. Nilimuuliza anataka kumuua rafiki yake au vipi. Nilimwambia amekula na kunywa nyumbani kwetu tangu nikiwa mtoto, na haya ndiyo malipo. Nikamwambia na huyo msichana wa watu, kope ni kope tu, hajafanya kosa lolote, na wao wawili watu wazima wanamfanya muuaji kwa sababu ya tamthilia ya watu wasiotujua. Yeye alisubiri nimalize, ameshika chupa yake kwa mikono miwili.

"Siyo yule binti," alisema.

Nikamuuliza ni nani basi.

"Mwanangu, wewe hukuiona ile tamthilia tangu mwanzo. Yule nesi ni binti wa yule bibi. Yule bibi ndiye aliyemzaa, tumboni mwake. Alitaka nyumba. Nyumbani alikuwa anamsalimia mama yake vizuri, lakini alipoanza ile kazi ya sumu, akawa anaingia amevaa nguo zake nyeupe, anasimama tu, anauliza unaendeleaje." Akaishika vizuri chupa ya uji. "Na wewe tangu siku ya kwanza unasimama mlangoni na hizo nyeupe, unanong'ona na wenzako, tukajua dawa wanayotia ni yako; na jana ukaingia nayo mwenyewe, ukasimama tu."

Nilitaka kumjibu mambo mengi na yote yalikuwa ya kweli. Nilitaka kumwambia kwamba nikiwa kazini siwezi kuchuchumaa kila kitanda, sakafu ya wodi si sakafu ya nyumbani. Kwamba ukiwa na trei mkononi hupigi makofi. Kwamba kule wodi ya wazazi mikono yangu iko ndani ya glavu zenye damu, na mama anayesukuma mtoto hahitaji salamu zangu, anahitaji niwe nimeshafika. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilisema ahamie Chanji ili nimpikie na kumwona kila siku, na nyumba ile ikianguka kesho sitajali. Lakini nilimwona mama akilala kule ndani na mrija umefungwa, akihesabu mambo kimya kimya: eti shamba linanichosha, eti nyumba tuipangishe, ameomba dawa atoe yeye, hanisalimii. Nilivyoyapanga hivyo hata mimi ningefunga fundo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," jirani aliongeza, akiwa ameinamisha kichwa. "Ndivyo tulivyosema. Tusamehe kama tumekosea."

Nikarudi ndani. Wodi ilikuwa na watu wa kutosha, wagonjwa na wauguzaji wao, na wote walikuwa wakinitazama kwa sababu sauti yangu ya veranda haikuwa ndogo. Nikaenda hadi kitandani kwa mama na gauni langu jeupe, saa yangu imening'inia kifuani, nikachuchumaa. Baridi ya saruji ya Julai ilinipanda magotini. Nikakunja viganja nikapiga makofi taratibu na nikamsalimia kwa Kifipa, salamu yote, tangu mwanzo wake.

Alichelewa kuitikia. Kisha akaitikia, kwa sababu salamu ikishatolewa mtu wa kwetu hawezi kuiacha hewani, hata kama pumzi anaitafuta. Akaniuliza habari za mchana. Nikamwambia njema. Akaniuliza za watoto, akapumzika, akaniuliza za kazi. Mama wa kitanda cha pili, mtu wa huko huko kwetu, alitazama pembeni kutupa faragha.

"Mama," nikamuuliza, bado nimechuchumaa, "unaniogopa mimi?"

"Wewe sikuogopi," alisema. Akavuta pumzi. "Namwogopa yule unayekuwa ukivaa hizo."

Nikafikiri kwamba kwa kuwa ameitikia salamu, mambo yamekwisha. Nikanyoosha mkono kuweka dripu sawa. Mkono wake ukarudi kifuani. Hakuwa na hasira, alikuwa mpole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza. Akasema nimwite yule binti wa Kisukuma, yeye ndiye ampe dawa. Nikamuuliza kwa nini yule, wakati hamjui hata kwao. Akasema ndiyo maana. Mtu asiyemjua hana sababu ya kumuua.

Basi nikamwita. Msichana yule alikuja na trei yake na kope zake. Alipofika kitandani, bila kuambiwa na mtu, akapinda magoti mpaka chini kidogo kama wanavyofanya wasichana wa kwao mbele ya mzee, trei ikiwa imetulia mikononi bila kutikisika, akasema, "Shikamoo bibi." Akabaki hapo chini mpaka mama alipoitikia marahaba. Wakati wote ule nilipokuwa namshuku, hivyo ndivyo alivyokuwa akimsalimia mama yangu, asubuhi na jioni. Mama akamnyooshea mwenyewe mkono uliojaa alama za bluu. Mimi nilitoka nikasimama nje, upande wa dirisha, nikayatazama matone yakishuka moja moja hadi chupa ikaisha. Nilifurahi mpaka nikalia. Nililia pia kwa wivu, na sitaki kusema uwongo juu ya hilo.

Homa ilianza kushuka siku iliyofuata. Baada ya hapo kila siku ilikuwa na kitu chake kizuri: leo ametolewa oksijeni, kesho amemaliza uji, keshokutwa amemgombeza jirani kwa sababu uji una sukari nyingi. Sikumpa dawa tena. Nilikuwa nakwenda kumwona baada ya zamu, nimeshavaa kitenge, nachuchumaa, tunasalimiana, namkalia kitandani, tunazungumzia ulezi na bei ya mbolea na nani amefiwa. Habari ya mrija hatukuigusa. Yule msichana nilimshukuru. Akashangaa namshukuru kwa lipi, amefanya kazi yake tu. Nikamwambia asizibandue zile kope. Akacheka akasema anazipenda mno, hata matroni amechoka kumsema.

Katika siku zile, nyumbani kwangu Chanji, niliitazama tamthilia ile kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa kabisa. Nilitaka kumwona yule nesi mwenzangu. Alikuja na viatu vyake virefu, akaingia chumba cha mama yake, akashika dripu kwa namna ambayo mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza angefukuzwa darasani. Hakunawa, hakuvaa glavu, hewa imejaa kwenye bomba la sindano. Nilimlaumu kwa sauti, watoto wangu wakanicheka. Aliyeiandika, nikasema, hajawahi kukaa wodini hata nusu saa. Halafu nikagundua kwamba kwa muda wote ule sikuwa natazama mikono yake. Nilikuwa natazama magoti yake, kama yatakunjika. Hayakukunjika. Nikajikuta nami nimemwogopa, mimi ninayejua kila kitu kilichokuwa cha uongo pale.

Mama aliruhusiwa kutoka siku ya jua zuri. Nilikuwa kazini tangu alfajiri, na mwenzangu akanishikia nafasi ili nimpeleke nyumbani. Nilikuwa na haraka kwa furaha. Nilivuka ua nikiwa na gauni langu jeupe, sikukumbuka kitenge wala kitu, nikafika mlango wa wodi.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefunga kilemba chake kipya, mzigo uko miguuni, anamsimulia jirani jambo na wote wawili wanacheka. Nikasimama mlangoni kidogo nimwangalie tu, mzima. Kivuli changu kikamfikia. Akainua macho, na kabla hajanitambua, mkono wake wa kulia ulikwenda juu ya ule wa kushoto ukafunika mahali palipokuwa na sindano. Halafu akanitambua. Tabasamu likaja, la kweli, tabasamu lake ninalolijua tangu nizaliwe.

"Umekuja, mwanangu," alisema. Mkono ulikuwa bado umefunika, na nadhani mwenyewe hakujua.

Nikamwambia nimesahau kitu, anisubiri kidogo. Nikavuka ua tena, nikaingia chumba chetu cha kubadilishia, nikavua gauni, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko na kuufunga. Nikavaa blauzi na kitenge. Ndipo nikaenda kumchukua mama yangu.